Haki Imevunjwa, Halafu? Ibara ya 30 na Safari ya Shauri la Kikatiba Tanzania

Wanafunzi wa sheria hukariri Ibara ya 12 hadi ya 29 kama sala. Usawa mbele ya sheria, 13. Haki ya kuwa hai, 14. Uhuru binafsi, 15. Faragha, 16. Maoni, 18. Mali, 24. Muulize mmoja wao Ibara ya 30 inasema nini, ataanza kupapasa. Na mashauri mengi ya haki za msingi nchini yameshinda au kuanguka humo, kwenye ibara isiyokaririwa.

Hoja yangu ni hiyo. Kuonyesha kwamba haki imeguswa ni nusu rahisi ya kazi. Nusu ngumu ni kuonyesha kwamba mguso huo hauokolewi na Ibara ya 30(2), kisha kufika mbele ya majaji ukiwa hai kiutaratibu, kisha kujua la kufanya siku Mahakama itakapokuambia umeshinda lakini sheria uliyoipinga itaendelea kutumika kwa muda.

Kwanza tuweke mipaka ya uwanja. Hati ya Haki iliingizwa katika Katiba ya 1977 kwa Sheria Na. 15 ya 1984, ikaanza kuwa na nguvu Machi 1985. Serikali ilijiwekea miaka mitatu ya kusafisha sheria zake, kwa hiyo mwananchi hakuweza kuitumia mahakamani hadi Machi 1988. Kinachodaiwa mahakamani ni Sehemu ya Tatu ya Sura ya Kwanza, yaani Ibara ya 12 hadi ya 29. Sehemu ya Pili, yenye malengo na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali, imefungiwa mlango na Ibara ya 7(2): hakuna mahakama inayoweza kuitilia nguvu. Hapo ndipo wengi hujikwaa mapema kabisa. Haki ya kujipatia elimu imeandikwa katika Ibara ya 11, ambayo imo katika Sehemu ya Pili. Ukijenga shauri lako la mtoto aliyefukuzwa shule juu ya Ibara ya 11 peke yake, umejenga hewani. Unahitaji njia ya kuzunguka: ubaguzi chini ya Ibara ya 13, utu wa mtu, au haki ya kusikilizwa kabla ya uamuzi, ambayo imo katika Ibara ya 13(6)(a). Elimu itabaki kuwa mazingira ya kesi, ila nguzo yake itakuwa ibara nyingine.

Sasa Ibara ya 30. Ibara ndogo ya kwanza inasema haki za mtu mmoja zisitumike kuvuruga haki za wengine au maslahi ya umma. Ya pili ndiyo yenye meno. Inasema sheria haitakuwa batili kwa sababu tu inagusa haki, iwapo lengo lake ni mojawapo ya yaliyotajwa: haki za watu wengine, ulinzi, usalama na amani ya jamii, maadili, afya ya jamii, mipango ya miji na vijiji, madini, utekelezaji wa hukumu, sifa za watu, na mengine yenye maslahi kwa taifa. Orodha ni pana kiasi kwamba Serikali ikitafuta kwa dakika tano itapata kipengele cha kusimamia. Usipoteze muda kubisha kwamba lengo halimo kwenye orodha. Mara nyingi limo.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni Mbushuu Mnyaroje dhidi ya Jamhuri. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Jamhuri ikaenda Mahakama ya Rufani, na uamuzi wa 1995 unapaswa kusomwa polepole. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, inatweza na inadhalilisha, yaani inagongana na Ibara ya 13(6)(e). Kwa mwombaji, hapo ushindi ulikuwa umekamilika. Kisha majaji wakafungua Ibara ya 30(2), wakasema adhabu hiyo inaokolewa kwa maslahi ya umma, kwa kuwa haikuwekwa kiholela na ni jamii yenyewe, kupitia Bunge, inayopaswa kuamua kama inaihitaji. Mtu ameshinda kwenye haki akashindwa kwenye mpaka wa haki. Unaweza kutoukubali uamuzi huo (mimi naona Mahakama ilimpa Bunge heshima iliyozidi mahitaji ya kesi), lakini huwezi kuendesha shauri kana kwamba haukutolewa.

Je, mlango wa Ibara ya 30(2) hupimwaje? Vipimo vilianza katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, ambamo mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilibatilisha kipengele kimoja cha kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilichozuia dhamana moja kwa moja. Vikakaa sawa katika Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu mwaka 1993. Ni viwili. Kwanza, sheria isiwe ya kiholela: iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya ya madaraka, na mtu aliyeumizwa awe na pa kulalamikia. Pili, isibane haki kuliko inavyohitajika kwa lengo lake. Ikianguka kwenye kimojawapo, Ibara ya 30(2) haiiokoi.

Katika Pumbun kilichopimwa ni sharti kwamba huwezi kuishtaki Serikali bila kibali cha Serikali yenyewe. Sharti hilo halikuwa na muda wa kujibu ombi la kibali, wala rufaa, wala wajibu wa kutoa sababu. Tazama mahali kasoro ilipokaa: ni ndani ya muundo wa kifungu. Kwamba Serikali inapaswa kulindwa dhidi ya kesi za ovyo, hilo halikuwa na ubishi mkubwa. Kibali kilikufa, na Bunge likaweka mahali pake notisi ya siku 90, ambayo bado unakutana nayo unapodai fidia kwa madai ya kawaida dhidi ya Serikali. Notisi inachelewesha, lakini haizuii. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo kipimo cha pili kilivyo kwa vitendo.

Kwa hiyo ukikaa kusoma sheria unayotaka kuipinga, soma kama fundi anayetafuta pengo. Nani anaamua? Anaamua kwa vigezo gani, au kwa "kadiri atakavyoona inafaa"? Je, lazima atoe sababu? Muathirika anasikilizwa kabla au baada? Kuna rufaa, na inakwenda kwa nani, kwa mtu yule yule aliyeamua? Muda una kikomo? Kifungu kinawakamata wale tu kinaowalenga, au kinazoa na wasiohusika? Majibu ya maswali haya yaingie kwenye hati ya maombi, kila moja na namba ya kifungu chake. Nimesoma hati za maombi zenye kurasa kumi za falsafa ya uhuru na mistari miwili tu kuhusu maneno ya kifungu kinachopingwa. Jaji hana cha kufanya na hati kama hiyo.

Suala la nani anabeba mzigo wa kuthibitisha limenyooshwa na Julius Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2002. Kilichopingwa ni sharti la Sheria ya Uchaguzi lililomtaka anayepinga matokeo ya ubunge aweke dhamana ya shilingi 5,000,000 kabla kesi yake haijapangiwa tarehe. Mahakama ililiondoa, kwa kuwa lilimfungia asiye na fedha mlango wa mahakama. Humo imo kanuni inayopaswa kubandikwa ukutani: sheria huchukuliwa kuwa halali kikatiba hadi ithibitishwe vinginevyo, na mzigo huo ni wa anayeipinga, lakini anayetegemea kifungu cha kuzuia au kupunguza haki ili kuitetea sheria, mzigo wa kuonyesha kwamba kizuizi hicho kinastahili unahamia kwake. Mawakili wengi hunukuu nusu ya kwanza wakasahau ya pili. Ukishaonyesha kwamba haki imeguswa, sema wazi, kwa aya yake mwenyewe, kwamba sasa ni zamu ya Mwanasheria Mkuu kueleza, na kwamba neno "usalama" bila maelezo si utetezi. Ukinyamaza, majaji wanaweza wasikufanyie kazi hiyo.

Tuje kwenye mlango. Ibara ya 30(3) inampeleka anayelalamika Mahakama Kuu, na utaratibu umo katika Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, iliyotungwa 1994, pamoja na kanuni zake za 2014. Kifungu cha 6 kinataja vitu vinavyopaswa kuwamo katika hati ya maombi: jina na anwani ya mwombaji, jina na anwani ya kila anayelalamikiwa, sababu za maombi, ibara mahsusi za Sehemu ya Tatu zinazodaiwa kuvunjwa, maelezo ya mambo yaliyotokea bila kuingiza ushahidi wenyewe, na nafuu inayoombwa, yaani kile unachotaka mahakama ikupe. Ibara mahsusi maana yake ni hadi ibara ndogo na aya. "Ibara ya 13" haitoshi, kwa sababu 13 ina mambo manne au matano tofauti ndani yake: usawa, ubaguzi, kusikilizwa, dhana ya kutokuwa na hatia, mateso. Mjibu maombi lazima ajue anajibu lipi.

Nani anaruhusiwa kuingia? Hapa historia ina mkunjo. Katika shauri la kwanza la Mchungaji Mtikila, lililoamuliwa na Jaji Lugakingira mwaka 1994, Ibara ya 26(2) ilisomwa kwa upana: kila mtu anaweza kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba, hata kama hakuguswa yeye binafsi. Kesi za maslahi ya umma zikastawi juu ya usomaji huo. Marekebisho ya 2020 yakaja na masharti mapya katika kifungu cha 4 cha Sura ya 3: hati ya kiapo inayoonyesha mwombaji ameathirika binafsi kwa kiasi gani, anayetumia Ibara ya 26(2) afuate pia Ibara ya 30(3), viongozi wakuu wasishtakiwe kwa majina bali Mwanasheria Mkuu peke yake, na njia nyingine zote za nafuu ziwe zimemalizwa kwanza. Masharti hayo yenyewe yamepingwa mahakamani hadi Mahakama ya Rufani, kwa hiyo usiandike hati kwa kutegemea nakala ya sheria uliyopakua miaka mitatu iliyopita. Pitia hukumu za karibuni katika mfumo wa taarifa za sheria mtandaoni siku ile unayoandika. Angalia pia namba za vifungu, maana toleo la sheria lililorekebishwa la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limehamisha baadhi yake; mimi hapa natumia namba za zamani ambazo hukumu zote hizi zimezitumia.

Vyovyote sheria itakavyosimama, ushauri wangu ni uleule: tafuta mwombaji aliyeguswa. Shirika linaweza kusaidia nyuma, lakini mbele awepo mtu ambaye kifungu kile kilimkamata, mwenye barua ya kunyimwa, hati ya mashtaka, au tangazo lililomfungia. Hilo linazima mapingamizi mawili kwa mpigo, la kutokuwa na maslahi na la shauri la kinadharia.

Pingamizi linaloua mashauri kimya kimya ni la kifungu cha 8(2): Mahakama Kuu haitatumia mamlaka yake iwapo kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu chini ya sheria nyingine, au iwapo maombi ni ya kipuuzi au ya usumbufu. Kabla ya kufungua shauri la kikatiba, jiulize kama tatizo ni sheria yenyewe au ni ofisa aliyeivunja. Ofisa amefuta leseni bila kumsikiliza mwenye leseni, huku sheria ikimtaka amsikilize? Hilo ni la mapitio ya kimahakama, yaani mahakama kupima uhalali wa uamuzi wa ofisa, ambayo huanza kwa kuomba kibali cha mahakama, na muda wake ni miezi sita tangu uamuzi. Polisi wamemshikilia mtu zaidi ya saa 24 bila kumfikisha mahakamani? Omba amri ya kumleta mtu mbele ya mahakama. Ni ya haraka zaidi. Umeharibiwa mali? Madai ya kawaida, kwa notisi ya siku 90. Shauri la kikatiba libaki kwa pale ofisa alipotii sheria kikamilifu na bado haki ikavunjwa. Ubaya ni kwamba wengi hugundua hili baada ya mwaka mmoja wa mapingamizi, wakati ile miezi sita imeshapita na njia sahihi imefungwa.

Ipo njia ya nne inayosahaulika. Kama mteja wako tayari yumo katika kesi mahakama ya chini na suala la Ibara ya 12 hadi ya 29 likaibuka, kifungu cha 9 kinamtaka hakimu alipeleke swali hilo Mahakama Kuu, isipokuwa kama pande zimekubaliana vinginevyo au ameona ni la kipuuzi. Likiibuka Mahakama ya Mwanzo, linapitia kwanza kwa Hakimu Mkazi, ambaye anaangalia kama kuna swali la kupelekwa. Hapo hakuna ubishi wa nani ameathirika. Mtuhumiwa kizimbani ameathirika, basi.

Hati ya kiapo ina ugonjwa wake. Tangu shauri la Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, maarufu kwa jina la Matovu, la 1966, kanuni ni kwamba kiapo kibebe mambo ambayo mwapaji anayajua mwenyewe au ameambiwa na mtu anayemtaja. Hoja za kisheria, maoni na maombi vinakaa kwingine. Aya yenye maneno "hivyo kifungu hicho ni batili" ni hoja, itafutwa. Ukibakiwa na aya tatu baada ya kufutwa, shauri halina miguu. Uthibitisho wa mwisho utofautishe aya za ujuzi binafsi na aya za taarifa, na sehemu ya kula kiapo iwe na mahali na tarehe. Mambo madogo, ndiyo. Lakini mapingamizi ya awali hula mambo madogo. Ukiwa upande wa pili wa pingamizi, kumbuka kipimo cha shauri la Mukisa Biscuit la 1969: pingamizi la awali ni hoja safi ya sheria. Likihitaji ushahidi ili kuamuliwa, si pingamizi la awali, na una haki ya kulisema hivyo.

Jaji mmoja anaweza kuchuja kama shauri linafaa kusikilizwa. Likivuka hapo, linakaa mbele ya majaji watatu, kwa mujibu wa kifungu cha 10.

Sasa tuseme umeshinda. Ibara ya 64(5) inasema sheria inayopingana na Katiba ni batili kwa kiasi inachopingana nayo, na mtu angetarajia ianguke siku hiyo hiyo. Lakini Ibara ya 30(5), pamoja na kifungu cha 13(2) cha Sura ya 3, inairuhusu Mahakama kuipa Serikali au Bunge muda wa kurekebisha, na katika muda huo sheria inahesabiwa kuwa halali. Katika Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Julai 2016, Mahakama Kuu iliona kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi huku mvulana akisubiri 18, na mahakama kuruhusu ndoa hata kwa wa miaka 14, vinakiuka Katiba. Ikatoa mwaka mmoja. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Zaidi ya miaka mitatu ilikuwa imepita tangu mwaka mmoja utolewe.

Sehemu ya sababu imo katika kifungu cha 14. Serikali ikiwasilisha tu notisi ya nia ya kukata rufaa, utekelezaji wa uamuzi unasimama wenyewe bila ombi wala hoja, isipokuwa katika mashauri yanayohusu mwombaji kuendelea kuwa kizuizini. Mwananchi akitaka hukumu isimamishwe, lazima aombe na aonyeshe sababu. Serikali inapata bure. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kifungu cha kwanza ambacho wanaharakati wangepaswa kukigombania, kabla hata ya vile vya 2020.

Na rufaa inaweza kugeuza kila kitu. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Sanga, ilikipiga kifungu cha 148(5) kinachoorodhesha makosa yasiyo na dhamana. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Aliyempangia mteja wake mkakati wa dhamana kwa hukumu ya Mei alikuwa na miezi mitatu tu ya matumaini.

Kuna pia jibu la Bunge lenyewe. Baada ya Jaji Lugakingira, katika shauri lile la Mtikila la 1994, kuruhusu mgombea binafsi, yaani asiye na chama, Katiba yenyewe ilirekebishwa kwa Sheria Na. 34 ya 1994 ili kuweka sharti kwamba mgombea atokane na chama cha siasa. Mtikila akarudi mahakamani, Mahakama Kuu ikampa tena ushindi 2006, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema mahakama haiwezi kubatilisha kifungu cha Katiba yenyewe. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliona Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu umekiukwa. Njia hiyo ya mtu binafsi kwenda Arusha moja kwa moja Tanzania iliifunga kwa kuondoa tamko lake la kuruhusu mashauri ya aina hiyo Novemba 2019, na kujiondoa huko kukaanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja.

Haya yote yanabadilisha namna ya kuandika nafuu unazoomba, sehemu ambayo wengi huiandika usiku wa mwisho. Usiishie kwenye "tamko kwamba kifungu ni batili". Omba kifungu kibatilishwe papo hapo, na ueleze kwa nini pengo halitaleta madhara: ni kifungu gani kingine kitaziba. Omba, kwa njia mbadala, kwamba Mahakama ikiamua kutoa muda chini ya Ibara ya 30(5), itaje tarehe ya mwisho na itamke kwamba tarehe hiyo ikipita bila marekebisho kifungu kitakuwa kimekufa bila shauri jingine. Omba pia kwamba mwombaji mwenyewe apate nafuu yake sasa, hata kama umma utasubiri. Pendekeza jinsi kifungu kinavyoweza kusomwa kwa kuondoa maneno machache yenye kasoro, mathalani "kumi na tano" katika kifungu cha umri, badala ya kukiangusha chote. Jaji anayesita kuangusha sheria nzima huwa mwepesi zaidi wa kukata maneno machache. Na ambatanisha rasimu ya amri hiyo, iliyochapwa tayari, kwenye hoja zako za maandishi.